Sindano ya Tata

Jana mgodi ulipolipua baruti, chokaa ya dari iliangukia chai yangu, na harufu yake ikanirudisha utotoni, katika sebule hii hii ambayo sijawahi kuihama. Tata, baba yangu, alikuwa na santuri moja tu, ya mpiga piano wa jazi wa Finlandi. Umeme ulikuwa ukija jioni tu, saa ile ile ya baruti. King'ora cha kutahadharisha mlipuko kikilia, Tata alinyanyua sindano isiruke, na wimbo haukufika mwisho.

“Uyu muzungu yako anatafuta mulango ya kutokea, haione,” mama alimchokoza.

“Siku moja tutasikia mwisho, mama batoto.”

Hakuusikia.

Leo nimeupata wimbo ule kwenye simu, mzima, kati ya rekodi nyingi za mzungu yule. Ulipobaki kidogo uishe, king'ora kikalia. Kidole changu kikausimamisha chenyewe.