Kamera Iliyoapiwa

Mzee aliyeniuzia kamera ile bado yuko, mzima wa afya, na duka lake hapa Kamembe liko palepale. Nikipita mbele yake natazama upande wa pili wa barabara. Mume wangu ananiambia miaka yote hii inatosha kwa hasira ya chombo kimoja. Yeye hakuwa Bugarama siku ile.

Kazi yangu ni kupiga picha. Za pasipoti napiga, za watoto napiga, lakini mkate wangu hasa ni harusi za Waislamu wenzangu, upande wa wanawake. Upande huo mwanamume haingii, awe na kamera ya namna gani. Humo ndani bibi harusi hufunuliwa, watu wakamwona alivyopambwa, na simu zote hukusanywa mlangoni ndani ya beseni. Hawakuanza hivyo. Kuna mwaka picha ya bibi harusi mmoja, kichwa wazi, ilizunguka kwenye makundi ya simu mpaka ikamfikia baba mkwe wake, na nyumba nzima ikawaka moto. Tangu hapo chombo kinachoruhusiwa kupita mlango ule ni kimoja tu, kamera yangu. Kwa hiyo ikifa yangu, hakuna picha hata moja duniani.

Kamera yangu ya zamani ilikuwa imechoka. Kifuniko cha betri nilikishika kwa gundi, na mabinti walishaanza kuninong'ona kwamba picha za maman huyu zina giza. Mpya kutoka dukani nilikuwa siiwezi. Nikaanza kutafuta iliyotumika, na hapo ndipo usingizi ulinipaa. Kamera iliyotumika hujui imetoka mikononi mwa nani. Hujui kama iliwahi kuanguka, kama iliwahi kunywa maji, kama kuna mtu aliwahi kuichokonoa ndani kwa bisibisi ya kufungulia redio. Ukinunua Bukavu kwa mtu wa kandokando ya barabara, ukishavuka daraja kurudi kwetu, humwoni tena. Nikasema bora ninunue kwa mtu ninayemjua, mtu mzima, mtu aliyekwenda Makka. Sote tunamwita Hadji.

Aliitoa kwenye kabati la kioo, kati ya pasi na redio, imefungwa kwa kitambaa safi. Nikaiwasha, nikapiga. Picha ilitoka nzuri, siwezi kusema uongo. Nikapiga tena, nikasikia kitu. Nyuma ya ule mlio wa kawaida kulikuwa na mwingine mdogo, wa kuburuza, kama mtu anayevuta kandambili sakafuni. Nikapiga mara ya tatu, sikio langu nimelisogeza karibu.

"Maman, uko nasikiliza nini?" Hadji akaniuliza.

"Kuko kitu ndani, Hadji. Ni sawa inakwaruza."

"Ni vile inaliaka. Kila aparei iko na sauti yake." Akaweka mkono kifuani. Wateja wawili walikuwa wamesimama nyuma yangu, wakasikia kila neno. "Wallahi, hii hakuna muntu mwenye aliifungua hata siku moja."

Hapo ndipo nilipofungwa. Kwetu mtu mzima akishaapa mbele za watu, huendelei kupima. Ukiendelea, umemwita mwongo, na mwanamke aliyemwita Hadji mwongo habari zake zinafika msikitini kabla yeye hajafika nyumbani. Nilitaka kupiga picha nyingine hamsini. Nilitaka kuiacha imewashwa saa nzima, kisha nitazame skrubu zake moja moja kama zina mikwaruzo. Badala yake mkono wangu uliiweka mezani wenyewe, nikacheka cheko la heshima, nikasema, "Sawa, Hadji." Nikampa kamera yangu ya zamani na nyongeza aliyoitaka. Nikilikumbuka lile cheko hadi leo nataka kujizaba kofi.

Wiki ile ile niliitwa Giheke. Aliyeniita ni mshonaji, mama ambaye nusu ya mabibi harusi wa huku kwetu walivaa kazi ya mikono yake. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi zenye maji akavunjika nyonga, na tangu hapo alikuwa mtu wa kitandani. Binti yake alikuwa anaolewa. Kabla mama hajaanguka, binti alikwisha pelekwa Bugarama kwa shangazi yake kuwekwa ndani, kwa hiyo gauni lake mama alilimalizia kitandani, kwa kipimo cha gauni la zamani, bila kumvalisha hata mara moja. Sherehe ingekuwa hukohuko Bugarama, kwa kina bwana harusi, na kesho yake wangevuka mpaka wa Ruhwa kwenda Bujumbura, ambako kijana ana kazi. Siku hizo mpaka ulikuwa bado wazi.

"Miye siendi," aliniambia. "Gari itaniua njiani. Maman, uniletee picha. Hata mbili, hata tatu. Nataka kuona kola kama ilikaa, na uso ya mtoto yangu juu ya kola."

Kola ile alikuwa ameitarizi kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, miezi mitatu. Nikamwambia asihofu, nina kamera mpya. Nilisema mpya.

Siku chache kabla ya harusi, nikiwa studio nampiga mtoto mchanga wa jirani, ule mkwaruzo ukarudi. Nikatazama kioo cha nyuma: utepe mweusi umekata juu ya picha. Iliyofuata ikatoka safi. Ile yenye utepe nikaifuta haraka, kana kwamba mama wa mtoto angeniona nafanya dhambi. Lakini roho haikutulia. Nikaipeleka kwa fundi wa saa karibu na soko, mzee mpole ambaye siku hizi hufungua na kamera, maana saa za mkono watu wameziacha.

Nikamwambia nina harusi Bugarama. Hakuiwasha kwanza. Aliiweka sikioni kama saa, akabonyeza, akabonyeza tena, kisha akaifungua akaniita nitazame kwa kioo chake cha kukuzia. Ndani kuna pazia dogo la vibati vyembamba, linalofunguka na kujifunga kila unapopiga. Vibati vile vilikuwa vinang'aa mafuta.

"Muntu alifunguaka hii, akatia mafuta," alisema. "Hapa hawatiaka mafuta. Hapa kwetu kuko baridi, itatumika, hata mwaka. Lakini kwenye joto mafuta inakimbia, inashikanisha hizi bintu. Maman, usiende nayo Bugarama."

Nilimwuliza kama anaweza kuisafisha. Akasema akivigusa vile vibati vitapinda, dawa ni kuagiza pazia jingine, na haliwezi kufika kabla ya harusi.

Bugarama, bondeni kwenye joto! Kati ya mahali pote. Nilitoka pale damu inachemka, nikaenda moja kwa moja kwa Hadji. Alikuwa ameketi mlangoni na wazee wenzake. Nikamwambia yote, mafuta, vibati, joto. Hata kuigusa kamera hakuigusa.

"Ule ni fundi ya saa," alisema. "Anajua nini ya aparei? Wallahi, na hii ni mara ya pili, iko muzima."

Wale wazee wakanitazama jinsi wanavyomtazama mwanamke asiye na adabu. Na hapa niseme ukweli, maana nimechoka kuuzunguka: kuna upande wangu mmoja uliofurahi. Hadji akiwa sahihi, sina haja ya kurudi Giheke kusema kamera ni mbovu. Sina haja ya kwenda kwa mpiga picha wa kiume wa ng'ambo ya barabara kumwomba yake, naye anicheke na kuuliza ile mpya uliyoringia imekwenda wapi. Angeniazima, namjua. Nikaibeba kamera, nikaenda zangu.

Siku ya harusi, tulipoanza kuteremka na mashamba ya mpunga kuonekana chini, nililivua koti langu, kisha nikaivua na kamera mfuko wake ipate hewa. Saa nane mchana nyumba ilikuwa imejaa hadi kwenye korido. Madirisha walikuwa wameyaziba kwa mashuka na blanketi ili wanaume wa nje wasichungulie, na juu yetu mabati yalikuwa yanalia kwa jua. Shangazi wa bwana harusi amekaa mlangoni na beseni la simu kati ya miguu yake. Yangu pia niliitia humo. Mikono ya wageni yenye hina nikaipiga, mabibi wakicheza nikawapiga, zote safi. Nikaanza kumwomba Hadji msamaha moyoni.

Kisha wakamleta bibi harusi, wakamfunua. Kola ilikuwa imekaa. Niliiona kwa macho yangu mawili, imesimama kuzunguka shingo kama imezaliwa nayo, na yule binti ameinua kidevu kwa sababu kola ile haikuruhusu mtu kuinamisha kichwa. Nikapiga. Ule mkwaruzo. Nikatazama kioo: weusi kuanzia juu ya picha mpaka kifuani. Mikono inaonekana, vidole vyenye hina vinaonekana, uso hakuna. Nikapiga tena, weusi uleule. Nikapiga ya tatu, weusi. Nikaigeuza kamera juu chini ili giza liangukie miguuni na uso upone. Ikalia mara moja, ikakwama, haikufunguka tena.

Nikakimbilia mlangoni.

"Shangazi, nipatie simu yangu. Moja tu. Aparei imekufa."

"Simu haiingie."

"Ni mama yake mwenye kuomba picha! Iko kitandani Giheke!"

"Weye pia unataka kutuletea haya ya ule mwaka?" Akavua khanga ya mabegani, akalifunika beseni.

Nilipandisha sauti. Nyimbo zikakatika, watu wakageuka. Mama mkwe akaja, wakaitana wakubwa watatu, wakaenda kona kushauriana, nami nimesimama na chuma mkononi, machozi ya hasira yananitoka. Waliporudi kukubali, bwana harusi alikwisha piga hodi, binti amefunikwa, wamemwingiza chumba cha ndani kumvua gauni avae nguo nyingine. Gauni la namna ile halivaliwi mara mbili, na uso ule haukufunuliwa tena mbele yetu mpaka walipoondoka.

Asubuhi yake niliifikisha kamera kwenye meza ya Hadji, kwa kishindo, kioo kikatikisika. Nikamwambia uliapa. Nikamwambia uliapa mara mbili. Nikamwita majina ambayo sitayaandika, mpaka watu wa maduka ya jirani wakatoka nje kutazama. Alinisubiri nimalize.

"Hapa Kamembe ilikuwa inakataa?" akauliza. "Nani alikutuma nayo Bugarama? Fundi alikuambia. Ulikuja wewe mwenyewe kunielezea, hawa bazee ni bashahidi."

Yaani alikumbuka. Alikumbuka kila neno la fundi, akaapa juu yake. Hilo lilinipandisha hasira kuliko uongo wake wote. Nikatoka pale.

Mchana nilikwenda Giheke na zile picha tatu, nimezichapisha. Walikuwa wamemkalisha kwa mito. Amevaa kitenge kipya, nywele amezipaka mafuta na kuzisuka, kwa ajili ya kuangalia picha. Nikampa. Akazigeuzia dirishani, moja baada ya nyingine, akapitisha kidole gumba juu ya weusi kana kwamba ungefutika.

"Uso iko wapi?"

Nikamwambia kamera imekufa kwa joto.

"Kola ilikaa?"

"Ilikaa, Maman. Ilikaa vizuri kabisa. Alishindwa hata kuinama."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye mikono ya binti yake, akaitazama kwa muda mrefu. Nilimwomba Mungu asiniulize, nikajua ataniuliza.

"Hii aparei," alisema bila ukali, macho yake bado kwenye picha, "ulijua kama iko mugonjwa?"

Niliuona mkono wangu unapanda. Niliusikia unatua kifuani.

"Wallahi, Maman, sikujua."

Akaniamini palepale. Akazifunga zile picha tatu kwenye pindo la kitenge, akaita waniletee chai, akaniuliza kama njia ilikuwa na matope. Habari ya kamera hakuniuliza tena.