Ufunguo wa Kathambi

Kathambi wa Mikinduri hamwamini mtu anayeuliza swali huku akitabasamu. Mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta, na miaka yote hii hajawahi kuniambia anapika nini. Ghala la mwanamke halichunguliwi, husema, na yeye ndiye mshika ufunguo wa ghala la akina mama wa kanisa, lile la mlango wa bati nyuma ya soko. Hata dada yake Kinya, alipopanda kutoka kule chini kwenye ukame kuomba chakula, aliambiwa mle ndani mna majembe tu. Akarudi na ndizi chache.

Basi akaja Njeru kutoka Embu, ametumwa na shirika la misaada kuhoji vikundi: ukame ukirudi, nani yuko tayari kulisha watu? Akawa anamwita kila mama peke yake. Hapo ndipo Kathambi alipoingiwa na shaka kabisa. Kwa nini awatenge? Mwizi naye huanza kwa kuulizia mbwa.

"Mama, njaa ikikuja, nyinyi mko na nini?"

"Hatuna kitu, kijana. Sisi wenyewe ni wa kuombewa."

Wenzake wakajibu vivyo hivyo, maana alikuwa amewaonya baada ya ibada. Nilicheka sana niliposikia, Mungu anisamehe.

Kicheko kilinikauka siku ya baraza. Njeru alitangaza kwamba Mikinduri hakuna akiba, kwa hivyo ukame ukija watu wa kule chini watafuata chakula mbali, mjini Maua. Kinya, aliyekuwa amepanda tena kuhudhuria baraza, akasimama.

"Maua? Mama mkwe wangu hata choo anabebwa. Maua atafika aje?"

Kathambi akainama. Nilimwonea huruma, na hasira pia. Kisha akafungua fundo la leso yake, akatoa ufunguo.

"Njeru, futa hiyo maneno. Chakula iko. Lakini wewe utabaki nje. Kinya ndiye ataingia, akuambie."

Tukaandamana hadi ghalani, Kathambi akimtazama Njeru mikono njia nzima. Kinya akaingia. Tulingoja atuambie ameona nini. Mwishowe akatokea mlangoni, kiganja kimejaa maharagwe, na wala hakumtazama Njeru.

"Kathambi," akasema, "ile siku ulinipa ndizi, mlikuwa na maharagwe?"