Sindano Aliyoiogopa Koko

Nilikuwa na miaka saba shavu langu la kushoto lilipoanza kuvimba. Vita vilikuwa vimetutoa Masisi, tukaishia kwenye kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, mimi na koko, mama yake baba. Wengine tulipotezana nao njiani.

Mwanzoni koko alidhani ni jino. Meno yalipolegea na jicho likaanza kusukumwa juu, akalitaja neno ambalo watu wazima walilisema kwa sauti ya chini: karuho, sumu ya polepole ambayo mtu hukutilia kwenye chakula. Akakumbuka kwamba jirani yetu, Mama Sifa, alikuwa akinipa uji. Hakumsalimia tena. Nami, niliyeupenda uji ule, nikaanza kumkimbia.

Kwetu kila mtu alijua jambo moja: mwenye karuho akipigwa sindano, anakufa. Kwa hiyo koko alinichemshia majani, akawa ananifunika uso kwa kitenge. Muuguzi wa kambi akipita, anaambiwa nimelala.

Siku moja kitenge kikaanguka kwenye foleni ya maji. Muuguzi akaniona, akatufuata hadi kwenye hema letu, akaketi chini kwenye mawe. Hakukaripia.

"Koko, hii haiko sumu. Ni kansa ya batoto. Inakomea mbio, kila siku inakuwa kubwa, lakini inasikia dawa kama munakuya mapema."

"Dawa ya kunywa?"

"Hapana. Ya sindano."

Koko akavuta kitenge, akanifunika tena uso. "Na musipomupiga?"

"Atakufa. Sitakudanganya, koko, hata kule hospitali haiko bote banapona. Lakini bengi banapona."

Kesho yake tukateremka mjini. Hospitalini walikata kinyama kidogo shavuni, wakakipima, wakathibitisha. Siku ya sindano koko alinipakata, akaniziba macho kwa kiganja.

"Mutoto wangu," akaninong'oneza, "kama nimekosa, unisamehe."

Nilitapika hadi jioni, naye hakuondoa macho kifuani pangu, akitazama kama bado napumua. Siku ya tano uvimbe ulikuwa umepungua hata nikaweza kufunga mdomo. Koko akapitisha kidole kwenye taya langu, akarudia, akarudia tena.

Sindano ziliendelea kwa miezi. Nywele ziliponyonyoka, alizikusanya na kuzichoma asije mtu akazitumia kuniroga. Kwenye kitanda cha pili alilala msichana kutoka Vitshumbi, aliyefikishwa akiwa amechelewa. Dawa haikumfaa. Koko alikaa na mama wa yule msichana siku mbili za msiba.

Tuliporudi kambini, kabla hajatua hata mzigo, alikwenda kwa Mama Sifa.

"Nilikuzania mubaya."

"Nilikuwa najua," Mama Sifa akajibu, akamsogezea kigoda.

Koko hakuwahi kusema kwamba karuho haipo. Aliiamini hadi alipofariki. Kwa miaka mingi niliwasimulia watu kisa hiki kama habari ya bibi mshamba aliyezidiwa akili na madaktari, nao wakacheka, nikacheka nao. Leo nina binti wa miaka saba, na sicheki. Daktari alinipiga sindano akijua itanisaidia. Koko alinishikilia akiamini huenda inaniua, kwa sababu ndiyo nafasi pekee niliyokuwa nimebakiwa nayo. Najiuliza kama ningeweza kumfanyia binti yangu hivyo.