Gari la Kaka Lisilo na Milango

Kaka yangu anaziba boti za faiba pale Ufukoni, na gari lake alilipata kama kitu cha kukatwa viraka. Mgeni mmoja aliyemaliza mkataba wake alilitelekeza kwenye banda huko Mikindani, na mwenye banda akamwita kaka alimalize. Kaka alienda na msumeno. Alirudi na gari zima, limefungwa kamba nyuma ya guta.

Lilikuwa gari la kujiungia mwenyewe. Zamani, huko Ulaya, watu walinunua bodi ya faiba vipande vipande, wakaifunga juu ya chasisi ya gari jingine dogo. Hilo la kaka ni pembe tupu, kama kabari ya kupasulia kuni, na kimo chake kinaishia kiunoni mwa mtu mzima. Halina mlango hata mmoja. Paa lote huinuka, pamoja na kioo cha mbele, nawe unaruka ubavu kuingia. Kwenye simu kaka aliwapata watu wa nchi za mbali wenye gari kama lile, wakawa wanatumiana picha za bawaba.

Baba wa mchumba wake, mkulima wa korosho Mpapura, aliliona mara moja tu. "Hili ni sufuria na mfuniko wake," akasema. Harusi alikuwa ameshaiahirisha mara mbili. Safari hii akatoa neno la mwisho: ndoa ifungwe Ijumaa kabla ya alasiri, kwa sababu shekhe ana harusi nyingine na korosho zimeanza kudondoka. Ikishindikana, mpaka mwakani, na mwakani huenda akatokea mwenye gari la mlango.

Kaka alienda na gari lake vilevile. Mimi, mpambe wake, nilikaa kiti cha kushoto. Tulifika mapema. Akazima injini, akasukuma paa. Halikwenda. Tukasukuma wote wawili, kwanza kwa mikono, kisha kwa vichwa, kilemba chake kikaangukia mapajani mwangu.

"Shukeni basi," mkwe akasema.

"Tunashuka, baba."

Wanawake barazani walielewa kabla yetu. "Kaja na ganda lake kama korosho! Nani wa kumbangua?"

Mtu akaleta panga. "Msikate!" kaka akapiga kelele, kwa uchungu ambao sikuwahi kuusikia kwake.

"Mnamsikia?" mkwe akasema. "Analililia gari. Shekhe, andika hakufika."

"Amefika, mzee. Hajashuka tu."

"Aliyefika anakaa mkekani."

Shekhe alitazama saa yake, akalizunguka gari. Upande wa kaka palikuwa na kijidirisha cha kusukuma, upana wa kiganja. "Pitisha mkono," akamwambia. Mkono ukatoka, umelowa jasho. Mkwe ilimbidi apige magoti mchangani ili aushike, na wanawake wakapiga vigelegele kumwona amempigia magoti mkwewe. Shekhe akasoma hotuba akiwa ameinama. Mkwe akamwoza binti yake kwa mahari waliyopatana, akiongea na kioo. "Nimekubali," kaka akajibu, mdomo kijidirishani. Mashahidi wakasema wamesikia.

Ikabaki bwana harusi aingie ndani kumpa mkono mkewe. Wakangoja. Sisi tulikuwa tunapikika.

Ndipo bibi harusi akatoka mwenyewe, shela na vyote, kungwi wake akimkimbilia nyuma. Hakuuliza kitu. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya gurudumu la kulia, akaisukuma bodi kwa nyonga, akavuta ukingo wa paa kwa vidole viwili. Paa likainuka taratibu.



"Umejuaje?" baba yake akauliza.

"Niliona kwenye video za gari lake, baba. Anazirusha kila siku."

Mkwe akamtazama shekhe. Shekhe alikuwa anavaa viatu. "Ndoa imeshapita, mzee," akasema.

Mkwe akanigeukia mimi. Video zote za kaka nilizipiga mimi, na hakuna hata moja iliyoonyesha mahali pale; angepajua tu mtu aliyewahi kumfungulia kaka kutoka nje.

"Ipo hiyo video?"

"Ipo, mzee," nikasema. "Ndefu sana."