Shimo Alilochimba Baba

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nilijua kwamba shimo refu ndani ya boma lina kazi moja tu. Huchimbwa siku mwenye boma anapokufa. Anawekwa humo, anafukiwa, na watu wanahama. Wengine wote, vijana na watoto, zamani hawakuchimbiwa chochote, walipelekwa porini. Hayo nilifundishwa na Ata, maana ndivyo sisi Waturkana tunavyomwita bibi. Alikuwa mama wa baba yangu, mwembamba, mwenye shanga hadi kidevuni, na mtaani kwetu hakuna aliyekuwa amezika watu wengi kumzidi.

Tuliishi pembeni mwa Lodwar, ng'ambo ya laga, mto wa mchanga unaopitisha maji wakati wa mvua tu, mahali ambapo mji ulikuwa ukija polepole bila kuleta maji wala barabara. Nyumba zetu zilikuwa za matawi ya mkoma, zingine zimezibwa kwa turubai na nailoni. Tulikuwa watu waliopoteza mifugo kwa ukame, tukasogea karibu na mji, lakini tuliishi kana kwamba bado tuko malishoni, ambako leo uko hapa na mwezi ujao uko kwingine. Tofauti ni kwamba sasa hatukuhama. Maboma yalisongamana na inzi wakazidi. Kila asubuhi wakubwa kwa wadogo walienda kujisaidia kwenye vichaka vya mathenge kando ya laga. Mbele kidogo, upande maji yanakoteremkia, mama zetu walifukua mchanga na kuchota maji ya kunywa. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Mchanga ulikuwa safi kwa macho na maji yalikuwa matamu.

Baba alipata kibarua Kakuma cha kuchimba vyoo vya wakimbizi. Alikaa huko miezi kadhaa. Aliporudi alileta unga, leso ya mama, na sululu. Siku ya tatu akaanza kuchimba nyuma ya nyumba yetu.

Ata alikuwa ameketi kivulini akipaka mafuta ngozi ya mbuzi. Alimtazama mpaka shimo likamfika baba magotini, ndipo akauliza, "Umemchimbia nani?"

"Ni choo, mama."

"Sijauliza ni nini. Nimeuliza ni la nani."

"Kule Kakuma kila nyumba inacho. Wasomali wanacho, Wakongo wanacho. Hawafi kwa sababu ya choo."

"Hao ni wageni, hawana boma hapa. Wewe una boma. Shimo likiachwa wazi bomani linaita. Litaita mpaka lipate."

Baba aliendelea kuchimba. Jirani yetu, Mama Akiru, alipita na gunia la makaa mgongoni, akasimama kuchungulia. Binti yake Akiru alikuwa rika langu na tulicheza pamoja kila siku.

"Baba Ewoi, umepata dhahabu huko chini? Ukiipata usitusahau!"

"Nimepata choo," baba akajibu kutoka ndani.

"Choo! Mavi ya mkwe na ya mkaza mwana yalale chumba kimoja? Basi heshima imekwisha Turkana!"

Alicheka hadi gunia likayumba. Mama yangu aliingia ndani kwa aibu. Lakini baba hakukasirika. Jioni alienda kukaa na mume wa Mama Akiru, akamweleza aliyoyaona Kakuma, na kesho yake akaenda tena. Haikupita muda, yule bwana naye akaazima sululu, akaanza kuchimba lake. Nyumba mbili zaidi zikaanza kusema zitafuata.

Letu lilikamilika kwanza. Baba alilaza magogo ya mkoma juu yake, akayafunika kwa udongo na mchanga, akaacha tundu dogo katikati, akazungushia matawi. Kisha akatuita mimi na mdogo wangu Ewoi, aliyekuwa na miaka minne, akatuonyesha. Unaingia, unachuchumaa, unamwaga konzi la majivu, unanawa mikono.

"Mkifanya hivi hamtaugua tumbo," alisema. "Na wewe, dada yake, uwe unamleta."

Siku hiyo hiyo Ata akaniita pembeni. Alinishika mkono kwa nguvu kuliko kawaida yake.

"Wewe ndiye unayetembea na mtoto. Usimsimamishe juu ya lile shimo. Mtoto ni mwepesi. Kivuli chake kikianguka mle hakitoki."

Mtu jasiri angesema, "Lakini baba ameagiza." Mimi sikuwa jasiri. Nilikuwa mtoto wa kuinamisha kichwa. Nilimpenda baba, nilimwamini Ata, na nililiogopa lile tundu jeusi. Kwa hiyo kila asubuhi nilimshika Ewoi mkono, tukatoka kama watu wanaoenda chooni, tukazunguka nyuma ya ua, tukaenda lagani kama zamani. Tukirudi nilisimama mlangoni mwa choo na kurusha majivu ndani, nikakimbia.

Jioni baba aliuliza, "Mmeenda choo?"

"Tumeenda."

Ewoi alinitazama akacheka kwa kujibana. Alidhani ni mchezo wetu wawili.

Kisha mvua ikanyesha milimani. Laga ilishuka na maji mekundu kwa siku nzima, ikasomba kila kilichokuwa vichakani, ikapungua na kuacha madimbwi. Wanawake wakafukua visima upya palepale. Siku chache baadaye watu wakaanza kuugua.

Ewoi alianza asubuhi. Kufikia saa nne kilichomtoka kilikuwa maji matupu, kama maji yaliyooshewa mchele. Macho yalizama, na ngozi ya tumbo ukiibana ilibaki imesimama. Mama alitaka kumpeleka hospitali, ila baba alikuwa kibaruani mjini, na Ata akasema kwanza mbuzi. Alichagua mwenye baka jeupe ubavuni, akachinjwa, kisha Ata akampaka mtoto ujiuji wa tumboni mwa mbuzi kifuani na pajini huku akimwomba Akuj, Mungu wetu. Sikumlaumu wakati ule, wala leo simlaumu. Alimpa alichokuwa nacho. Lakini saa zilienda.

Hatimaye baba alifika. Alimweka Ewoi mgongoni akakimbia, akavuka laga kwenye matope, mama akimfuata. Mimi nilibaki na Ata.

Walirudi jua likiwa bado juu. Baba alikuwa amembeba vilevile mgongoni, lakini alikuwa akitembea taratibu, kama mtu ambaye hana tena anakokwenda.

Ata hakulia. Aligeuza uso kutazama nyuma ya nyumba, akasema, "Limepata."

Kesho yake baba alilifukia lile shimo. Alifanya kazi ile peke yake mchana kutwa na kumkatalia kila aliyetaka kumsaidia. Nilisimama karibu na ua nikimwangalia, na kinywani mwangu lilikuwapo neno moja: Ewoi hakuwahi kuingia mle, hata siku moja. Ningelisema, baba angejua kwamba shimo lake halikumuua mwanawe. Lakini angejua pia ni nani aliyempeleka mtoto lagani kila asubuhi. Nikanyamaza.

Majirani walikuja kutoa pole, wakaona. Mume wa Mama Akiru alirudi kwake, na siku hiyo hiyo akafukia shimo lake lililokuwa limefika kiunoni. Zile nyumba mbili hazikuanza tena. Kwa miaka mingi, watu wa afya wakija kuhubiri habari za vyoo mtaani kwetu, waliambiwa, "Muulizeni Baba Ewoi," na mazungumzo yakaishia hapo.

Nilisoma mpaka darasa la nane. Siku mwalimu alipotufundisha kipindupindu, akachora mto, kichaka na kisima ubaoni, niliweka kichwa juu ya dawati, nikasema naumwa jino. Onyo la Ata lilitimia, na lilitimia kwa sababu nililitii. Hilo nililibeba bila kumwambia mtu, nikaolewa nalo, nikazaa nalo.

Mwaka jana baba alikuja kutoka upande wa Lokori, ambako amerudi kuchunga mbuzi wachache, ili atibiwe macho. Alasiri moja alikuwa amempakata mwanangu, nami nilikuwa nachagua mawe kwenye maharage. Sijui nguvu niliipata wapi. Nilimwambia yote bila kuinua uso kutoka kwenye sinia.

"Najua," akasema.

"Unajua nini, baba?"

"Kwamba hamkuingia. Sakafu ilikuwa ya mchanga. Kila siku naona majivu, sioni mguu. Mimi mchungaji, nishindwe kusoma nyayo za watoto wangu wawili? Zilizunguka ua zikaenda lagani."

"Mbona hukunigombeza?"

"Nilisema niwape muda, watazoea. Kisha mvua ikaja."

"Sasa kwa nini ulilifukia?"

Alimhamishia mtoto kwenye goti la pili. "Watu walikuwa wanatafuta wa kulaumu. Angekuwa wewe, au angekuwa mama yangu. Nikawapa shimo. Shimo halilii."

Halafu akaomba chai, kama tulikuwa tumezungumza habari za mbuzi.

Kwa siku mbili tatu nilijisikia mwepesi. Nililia nikipika, na kilikuwa kilio kizuri. Miaka yote nilidhani namficha baba jambo, kumbe yeye ndiye aliyekuwa amenificha.

Kisha nikakutana na Mama Akiru.

Sasa maji tunanunua kwenye bomba la kioski, na nyumba nyingi mtaani zina choo, yangu ikiwamo. Mama Akiru amezeeka na amebaki peke yake. Mvua iliyofuata ile ya Ewoi ilimchukua Akiru kwa njia ileile, kwa siku mbili tu, na nyuma ya nyumba yao palikuwa na shimo lililofukiwa kabla halijakwisha. Rafiki yangu alikuwa akienda vichakani kwa sababu mtaa mzima ulijua choo kinaua. Neno langu moja lingetosha kuwaonyesha kwamba si kweli. Baba alinikinga kama mzazi, na sina cha kumdai. Lakini udongo aliolifunikia shimo ulinifunika mimi pia, nami nilikaa chini yake nikiwatazama watoto wa wenzetu wakirudi lagani.

Nimejaribu kuyapanga maneno ya kumwambia. Siku nyingine naona ana haki ya kujua. Siku nyingine naona nitakuwa namwamshia msiba ili mimi nilale vizuri. Asubuhi tunakutana kwenye foleni ya maji.

"Ejok, mwanangu," ananisalimu kwa Kiturkana. "Mtoto hajambo?"

"Hajambo, mama. Anatembea sasa."

"Mshukuru Mungu," anasema.

Namwinulia mtungi mpaka ukae sawa kichwani. Anaondoka polepole, nami nageuka kujaza wangu.