Barua ni ya Zamani, Taya ni Ile Ile

Saa moja na nusu asubuhi, kwenye mlango wa chumba cha kuchambua chai, Phelis Kemuma ananyoosha mkono kabla hajaulizwa. Msimamizi wake, Bethwel, anapokea chupa, anafungua kizibo, ananusa, anafunga.

"Ni maji, Bwana Bethwel," anasema Phelis. "Jana yalikuwa maji. Juzi pia. Hata kesho yatakuwa maji."

"Ni kazi tu, Mama Ogari. Sheria inasema hakuna pombe ndani."

"Basi maliza kunusa tuendelee."

Anaingia, anajifunga leso kichwani na kuketi kwenye benchi refu pamoja na wanawake wenzake kumi na mmoja. Kazi yao ni kutoa vijiti kwenye chai iliyokaushwa. Vumbi jepesi linaelea chumbani. Kila baada ya dakika chache anapiga funda dogo la maji, analizungusha mdomoni, kisha analimeza. Asipofanya hivyo, ulimi hushikamana na kaakaa na hawezi kutamka hata jina lake.

Phelis ana miaka arobaini na saba. Yeye na mumewe, Nyamweya, walitoka Kisii mwaka wa 1958 kuja kuchuma chai, na tangu hapo makao yao ni huku Konoin, si mbali na Mogogosiek. Mwaka wa 1968 alitokwa na uvimbe shingoni, chini ya sikio la kushoto, na pua ikawa inatoka damu. Madaktari walimwambia ni saratani iliyoanzia nyuma ya pua.

Mapema mwaka uliofuata alipelekwa Nairobi. Kwa wiki sita alilazwa chini ya mashine ya mionzi mara thelathini. Watu wa hapa huiita tiba hiyo "kuchomwa". Alirudi nyumbani akiwa na kilo thelathini na nane.

Saratani haijarudi, na huu ni mwaka wa kumi. Lakini mate yalikauka, na hayo pia hayajarudi. Ngozi ya shingo imekuwa nyeusi na ngumu. Sikio la kushoto linasikia kwa taabu. Mahindi ya kuchoma ameyasahau, na ugali haupiti bila mchuzi mwingi. Meno yamebaki kumi na tisa. Mengine yamemeguka yenyewe, kipande kwa kipande.

"Hakuna mtu alinikalisha chini akaniambia mate hayatarudi," anasema. "Nilingoja mwaka mzima. Nikiamka asubuhi, kitu cha kwanza ni kusikiliza ulimi. Naona bado."

Kanisani hali si nafuu. "Kila Jumapili kuna mtu atanishika mkono aniambie, 'Kumbe bado uko.' Mimi nimechoka kuwa muujiza. Nataka kuwa Mama Ogari tu, mtu wa kuulizwa kama sukuma wiki imeota."

Lakini kinachompandisha hasira mpaka leo kilitokea Agosti iliyopita. Gego la chini lilimuuma siku nne mfululizo, akaenda kwenye zahanati moja huku, akisindikizwa na shemeji yake, Hezekiah. Mhudumu, kijana aitwaye Joab, alimkalisha kwenye kiti na kuchukua koleo.

Phelis akatoa barua aliyopewa Nairobi mwaka wa 1969. Inasema asing'olewe jino lolote kabla daktari wa mionzi hajaulizwa.

Joab aliisoma haraka. "Barua hii ni ya miaka tisa, mama. Hiyo kitu ilishaisha mwilini."

"Barua ni ya zamani. Taya ni ile ile."

"Sema tu unaogopa koleo."

"Nimezaa watoto watano. Koleo siogopi."

Akafumba mdomo, akakataa kuufungua. Waliokuwa kwenye foleni wakaanza kunung'unika. Mwanamke mmoja akamwambia anawachelewesha wagonjwa wa kweli. Hezekiah naye akamsihi akubali, mambo yaishe.

"Karibu nilie kwa hasira," anasema Phelis, "kwa sababu jino lilikuwa linauma kweli. Mimi ndiye nilitaka litoke kuliko wao wote."

Alirudi nyumbani na jino lake. Kesho yake alikwenda kwenye hospitali ya wamishonari, ambako daktari aliisoma barua mara mbili kisha akapiga simu Nairobi. Alimweleza kwamba mfupa uliopigwa mionzi hauponi upesi. Jino likitolewa ovyo, kidonda kinaweza kukataa kufunga, mfupa ukafa na taya ikavunjika. Badala ya kung'olewa, gego lilisafishwa mpaka kwenye mzizi na kuzibwa. Kazi hiyo ilimrudisha hospitalini mara tatu.

Miezi miwili baadaye Joab alimkuta sokoni, akamwomba aione tena ile barua, ambayo Phelis huibeba kila aendako. Aliinakili kwenye daftari akiwa amesimama kando ya magunia ya maharagwe.

"Sikumcheka," anasema Phelis. "Lakini nilihakikisha ameandika yote, mpaka jina la daktari."

Sasa ameomba ruhusa ya wiki moja kazini. Jirani yake, Chepkemboi, mchuma chai wa miaka thelathini na mmoja, aliambiwa mwezi uliopita kwamba ana ugonjwa huohuo. Jumatatu watakwenda Nairobi pamoja. Phelis atakaa naye mpaka azoee ile mashine, na amekwisha kumweleza habari za mate na za meno, bila kumficha neno.

Juzi alipitia kwao, akamkuta mume wa Chepkemboi, Chepyegon, ameketi na ndugu zake, wanaongea kwa sauti za chini kama watu wa matanga.

"Nikamwambia waache hayo maneno, aende atafute mbegu ya viazi," anasema. "Mvua ya Machi ikianza, mke wake atakuwa kwa shamba. Atakuwa amekonda, atakuwa na hasira na kila mtu, lakini atakuwa anapanda."