Niliweka namba yangu kwenye bango la boti ya wagonjwa, na watu wakapiga

Wakuu, salaam aleikum. Leo najianika mwenyewe. Sitii chumvi, na mtakaonitukana mna haki yenu.

Mimi ni mtu wa Langoni, mtaa wa Amu, yaani Lamu mjini. Chama kinachotawala huku kilinipa kazi ya kuandika mabango na post za mitandaoni. Barabara ikichimbwa, naandika "maendeleo yamefika". Ikifukiwa bila lami, naandika "maendeleo yanaendelea". Na watu wana-like, wallahi.

Basi ikaletwa boti ya serikali ya kubebea wagonjwa wa visiwani. Mheshimiwa wetu wa chama akakata utepe, akapigwa picha kavaa life jacket juu ya suti. Nikatengeneza bango: "Piga simu, boti inakuja, saa 24."

Nikamuuliza afisa wake wa mawasiliano, namba ni ipi?

"Weka yoyote bwana, tutabadilisha."

Nikaweka yangu. Ndio, yangu! Mabango yakabandikwa hadi Kizingitini kule visiwani na hakuna aliyebadilisha kitu. Wiki mbili hakuna aliyepiga kuulizia boti, nami nikasahau.

Siku moja baada ya alasiri simu ikalia. Bi Zuhura, mama wa Kizingitini. Binti yake ana uchungu tangu alfajiri, mtoto hatoki, nesi wa zahanati amesema apelekwe hospitali Amu haraka.

"Boti i wapi, mwanangu?"

Nikamwambia asubiri kidogo. Aibu ilinishika hapo hapo.

Nikampigia afisa. Boti iko Mokowe, ng'ambo ya bara, imefungwa bendera, inabeba wafuasi kwenda mkutano wa chama. Nikamwambia kuna mtu anakufa! Jamaa akanijibu taratibu kabisa, "Serikali iliyopita haikuwa na boti hata moja. Andika hivyo."

Yaani mtu yuko mahututi, yeye ananipa caption.

Nikajaribu kwa wapinzani, kuna kiongozi wao ninayemjua. Huyo akafurahi mpaka sauti ikabadilika. "Mwambie mama arekodi video!" Hawa nao ni wale wale, fulana tu ndizo tofauti.

Mwisho nikampigia Bwana Shee, mnunuzi wa samaki pale pale Kizingitini, ana boti ya mashine mbili. Hakuuliza chama. Alishusha samaki wake ufukoni, akawapakia mama na binti wakaja. Mimi nilikaa gatini Amu nikisoma kila dua ninayoijua.

Binti alipasuliwa, akapona. Mtoto hakuwahiwa, alitoka ameshafariki.

Jioni ile ile afisa akanitumia ujumbe: niandike kwamba boti ya Mheshimiwa imeokoa maisha. Nikamtukana tusi ambalo moderator hataliruhusu hapa, na kazi ikaishia hapo.

Baada ya maziko Bi Zuhura akanipigia. Nilidhani atanitukana. Kumbe anashukuru!

"Mtoto ni kadari ya Mngu. Lakini binti yangu ninaye. Mwambie Mheshimiwa kura zetu anazo, kwa kututumia Bwana Shee."

Hapo nilishindwa. Nikamwambia ukweli: Bwana Shee alikuja kwa hiari yake, boti ya serikali ilikuwa imebeba wafuasi.

Kisha akauliza, pole pole tu, "Basi wewe ni nani? Na uliponambia nisubiri, nalikuwa nikisubiri nini?"

Nilikata simu, wakuu.

Nilichojifunza ni kwamba sisi wa mjini tunayasoma mabango haya tukicheka, na kuna mtu anayaamini kwa sababu hana tegemeo lingine. Mabango ya Kizingitini nimeyabandua kwa mkono wangu. Kumpigia Bi Zuhura bado sijathubutu.

Nyinyi mngemjibu nini? Semeni, nasoma zote.